Fundi wa Maneno Aliye Mgongoni

Mtoto wa miezi sita yuko sokoni, amebebwa mgongoni kwa kanga. Wauzaji wananadi, mama anaomba apunguziwe bei ya nyanya, na watu wakimtazama mtoto huona kiumbe asiye na la kufanya. Kumbe yuko kazini. Anasikiliza, na kusikiliza kwake ni kuchambua. Katika yote ambayo binadamu hujifunza maishani, sijui jambo gumu kuliko kusema, wala sijui mwanafunzi mwenye subira kumshinda huyu.

Kazi yake ilianza kabla hajazaliwa. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito masikio yake yalikwisha kusikia, na sauti iliyomfikia zaidi kuliko zote ilikuwa ya mama. Mwaka 1980, watafiti wa Marekani Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wenye siku chache tu duniani chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake. Akibadili mwendo, alisikia ya mwanamke mwingine. Wale wachanga walirekebisha mwendo wao ili wamsikie mama.

Baada ya kumjua msemaji, huanza kupima sauti za lugha. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliokuzwa kwa Kiingereza waliweza kutofautisha sauti mbili za Kihindi zinazowachanganya wazazi wao. Wengi wa waliofika miezi 10 hadi 12 hawakuweza tena. Si kwamba masikio yao yaliharibika. Walikuwa wamechagua: sauti ambazo nyumbani hazitenganishi maneno zilipewa nafasi ndogo, na zile za nyumbani zikanolewa. Utafiti mwingine uliangalia sauti kama ile inayoanza neno ng'ombe, ambayo Kifilipino pia huiweka mwanzoni mwa neno. Watoto wa Kifilipino wa miezi 6 hadi 8 hawakuitenganisha na n ya kawaida. Wa miezi 10 hadi 12 waliitenganisha vizuri. Yaani sikio lililo karibu na watu wanaosema sauti ngumu hujifunza hata kile ambacho halikujaliwa mwanzoni.

Kisha kuna kazi ya kukata maneno. Mama anaposema "mletee bibi maji ya kunywa", hatui baada ya kila neno. Sauti hutoka kwa mfululizo. Ni nani amemwambia mtoto kwamba "bibi" ni neno na "jiya" silo? Mwaka 1996, Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi za lugha ya kubuni, usio na kituo wala mkazo. Dakika 2 zilitosha. Watoto walitofautisha silabi zinazofuatana daima na zile zilizokutana kwa bahati tu. Mtoto wa Kiswahili ana msaada zaidi: mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kila mara humdokezea kwamba neno linakaribia kuisha.

Kinywa hufuata nyuma ya sikio. Koromeo la mchanga limekaa juu, mpangilio unaomfaa kwa kunyonya kuliko kwa kusema. Kwanza hutoa irabu ndefu za kuridhika. Kuanzia kama miezi 6 hufika "bababa" na "dadada", na huzirudia akiwa peke yake kitandani, bila wa kumsifu. Hapo anaulinganisha ulimi na sikio. Mwaka 1991, Laura Petitto na Paula Marentette walieleza kwamba watoto viziwi wenye wazazi wanaotumia lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono. Kumbe ufundi huu haukai ulimini tu. Unakaa ndani zaidi, ukitafuta mlango wowote ulio wazi.

Karibu na mwaka wa kwanza maneno huanza kutoka, nayo hutoka yamepunguzwa: kitabu ni "tabu", mtoto ni "toto". Tazama alichobakiza: silabi mbili za mwisho, pamoja na ile yenye mkazo. Katherine Demuth aliona upunguzaji wa namna hiyo kwa watoto wa Kisotho, lugha ndugu ya Kiswahili, na pia kwamba wanapofika miaka 3 hivi viambishi vya ngeli na upatanisho kwa kiasi kikubwa vimeshakaa mahali pake. Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto 4 wa Nairobi na kukuta kwamba, katika vitenzi, mara nyingi huacha kiambishi cha mtenda, lakini ni nadra kuweka kisicho chake. Asichokijua bado, mtoto hukiacha wazi. Hajazi kwa kubahatisha. Mtu mzima anayejifunza Kiswahili, mwenye kitabu cha sarufi mkononi, huweza kuchukua miaka kabla ya kuacha "kitabu mzuri".

Pamoja na uwezo wote huo, kuna kitu kimoja asichoweza kujipatia: mtu wa kumjibu. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi 9 wa Marekani walijifunza sauti za Kichina kutoka kwa watu waliocheza nao, lakini hawakujifunza chochote kutoka kwa watu haohao kwenye skrini. Simu anayopewa ili anyamaze haimjibu. Mama anayesikia "tabu" akasema "ndiyo, kitabu, kitabu cha dada", amempa kwa pumzi moja neno zima, mwenye nacho na upatanisho.

Kumheshimu fundi huyu ni kumjibu hivyo, tukimwogesha, tukipika, tukiwa njiani. Ni pia kuusikia ukimya wake. Mtoto aliyefika miezi 10 bila "bababa" wala "dadada" apelekwe kupimwa masikio, bila kungojea kwa kusema kwamba ataongea tu akikua. Akikutwa hasikii, apewe mapema lugha ya alama, vifaa vya kusikia, au vyote. Uwezo wa kuijenga lugha anao tayari. Anachohitaji kutoka kwetu ni lugha yenyewe, imfikie kwa njia anayoweza kuipokea.