Ujenzi au Malezi? Juu ya Istilahi Moja ya Michezo

Mchezo wa kompyuta uitwao Diablo II, uliotoka mwaka 2000, wamtaka mchezaji ampangie mhusika wake stadi kwa kufuata mti wenye matawi. Waingereza huuita mpango huo kwa neno la waashi, na tafsiri iliyo nyepesi ni "ujenzi". Neno hilo halitoshi.

Mhusika mchawi ana stadi 30 katika miti 3: wa moto, wa umeme na wa baridi. Kila stadi hupokea alama 20, hivyo kuijaza miti yote kwataka alama 600. Naye, hata akifika daraja la 99, hupata alama 110 tu, pamoja na zile za zawadi. Akiupendelea moto, umeme utadumaa. Tena alama iliyokwisha kutolewa ilikuwa hairudi. Nyumba hubomolewa ikajengwa upya; mhusika huyu alikuwa habomoleki.

Kijana wa Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe ambako Kiswahili huwaunganisha Wanyamwanga, Wanyiha na wasafiri wa njia ya Zambia, hana haja ya kuazima kwa waashi. Analo neno "malezi", na methali ya samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo labeba wakati, uchaguzi na majuto pamoja.

Mwaka 2010 watungaji waliruhusu alama zirudishwe. Hapo "ujenzi" ukapata haki yake, na uchaguzi ukapungua uzito. Yampasa mfasiri aulize kwanza, atafsiri toleo lipi.