Nani Alimuua Kapteni Alex? Swali la Bandani Lililotufuata Kanisani

Chimala ni mji wa barabarani. Malori ya Tunduma na Dar es Salaam hupita hapa usiku na mchana, treni ya TAZARA hupita, na mchele wa Usangu hupakiwa hapa kwenda mbali. Mahali penye wapita njia wengi namna hii hapakosi banda la video. Kwa muda mrefu sisi tunaofundisha kipaimara tumeshindana na banda hilo kila Jumamosi mchana, na mara nyingi limetushinda. Wazee wa kanisa walipochoka, walitaka tuiandikie serikali ya kijiji barua ili lifungwe. Tulikubaliana kwanza tutazame filamu moja ambayo vijana wetu hawakuacha kuitaja, maana si haki kuhukumu kesi ambayo shahidi wake hujamsikiliza.

Filamu yenyewe ni *Who Killed Captain Alex?*, iliyotolewa Uganda mwaka 2010. Tuliitazama kwenye ukumbi wa usharika kwa kompyuta ya mwanafunzi mmoja, na kijana aliyezoea kutafsiri bandani akatutafsiria. Kisa chake ni chepesi. Kapteni Alex, askari hodari, anatumwa kulivunja genge la Tiger Mafia. Jeshi linamkamata ndugu yake Richard, mkuu wa genge hilo. Richard anaapa kulipiza na kuwatuma watu wake wamkamate Alex, lakini wanapomfikia wanakuta ameshauawa. Kaka yake Alex, bingwa wa kung-fu, anakuja kumtafuta muuaji. Baada ya hapo ni risasi, mateke na helikopta hadi mwisho.

Tuanze na yanayostahili sifa. Mtengenezaji wake, Isaac Nabwana, alikuwa mfyatua matofali wa Wakaliga, mtaa wa watu maskini jijini Kampala. Utotoni hakwenda sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda na kurudi kumsimulia, naye akazichora picha hizo kichwani. Sisi wahubiri tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa kazi yetu yote imesimama juu ya imani kwamba mtu anaweza kuona kwa kusikia. Alipokua, alijiungia kompyuta kwa vipande vya mashine chakavu. Bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma vya kuokota, na helikopta zikachorwa ndani ya kompyuta. Inasemwa kwamba filamu nzima iligharimu dola zisizozidi 200. Waigizaji walikuwa majirani, na filamu ilipokamilika wao wenyewe walizunguka nyumba kwa nyumba kuuza DVD, wakiwakimbiza warudufu wasiwatangulie sokoni.

Kionjo chake kilipowekwa YouTube kilitazamwa na watu wengi nje ya Afrika. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, alisafiri kutoka New York kumtafuta Nabwana, akaishia kuhamia Wakaliga. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, *Crazy World*, ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la filamu la Toronto, Kanada. Sisi ambao kila mkutano mkuu huahirisha jambo fulani kwa kukosa fungu, tunaona haya kidogo mbele ya watu hawa. Luther alifundisha kwamba wito wa Mungu hauishii kwa mchungaji. Fundi viatu na mama wa nyumbani nao wanao. Mfyatua matofali wa Wakaliga hakungoja kibali cha mtu ili autimize wake.

Sifa ya pili ni kicheko. Juu ya filamu kuna sauti ya VJ Emmie, mchekeshaji anayewaeleza watazamaji kila kinachotokea, akiwatania wahusika na kuwashangilia. Nabwana aliifuta nakala ya awali ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, kwa hiyo iliyobaki ni hii yenye sauti ya VJ tu. Huko Uganda, kama huku kwetu enzi za Lufufu na kule Kenya kwa DJ Afro, filamu haijakamilika mpaka mtu wa nyumbani aisemee. Mzee wetu mmoja, aliyekwenda vita vya Kagera akafika Uganda mwaka 1979, alitazama kimya, kisha akasema, "Bunduki ya mbao ni bora kuliko ile tuliyobeba sisi." Tulimwelewa. Katika nchi ambayo bunduki za kweli ziliwatawala watu, kuna uponyaji fulani katika kuifanya bunduki iwe kitu cha kuchekwa.

Hata hivyo hatuwezi kuisifu yote. Watu wanaanguka kwa makumi, na hakuna anayewauliza majina. Kifo cha Alex pekee ndicho kilichopewa swali. Hao wengine ni mavumbi ya kupamba mapigano. Kicheko kinachotuponya na hofu ya bunduki kinaweza pia kutuzoesha maiti. Vijana wanaotazama mara moja wakacheka hawana neno. Anayetazama kila siku, bila mtu wa kuzungumza naye anapotoka bandani, ndiye anayetutia wasiwasi.

Lakini jambo lililotushika zaidi ni hili: filamu inaisha, na muuaji hajulikani. Swali la kwenye jina lake halijibiwi kamwe. Vijana walicheka sana. Sisi tulikumbuka sura ya 21 ya Kumbukumbu la Torati, pale Musa anapoeleza la kufanya maiti ikikutwa shambani na muuaji asijulikane. Wazee hawaruhusiwi kusema hawahusiki. Hupima umbali hadi mji ulio karibu, na wazee wa mji huo hulazimika kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu ile. Muuaji asipojulikana, jirani ndiye anayeulizwa.

Hapo kicheko kilitutoka, kwa sababu ya kijana wa usharika wetu. Aliendesha bodaboda. Usiku mmoja aligongwa kwenye barabara kuu, na gari lililomgonga halikusimama. Hadi leo dereva hajulikani. Watu wa Chimala wamemlaani sana dereva huyo, nasi tumewasaidia kumlaani. Lakini usiku ule sisi pia tulipita pale, tukitoka msibani. Tuliona tochi na kundi la watu kando ya barabara, tukasema kuna ibada asubuhi, tukaendelea. Asubuhi tukaambiwa ni nani. Alikuwa amekaa pale muda mrefu akisubiri gari la kumfikisha hospitali, na hospitali ipo hapa hapa Chimala.

Katekismo Ndogo tunayowafundisha watoto haiishii kusema usiue. Inaendelea kueleza kwamba amri ya tano inatudai tumsaidie jirani katika hatari za mwili wake. Tumewakaririsha maneno hayo watoto wengi. Yeye mwenyewe aliyakariri mbele yetu.

Barua ya kufunga banda hatukuiandika. Kipaimara tumekihamishia Jumamosi asubuhi, na tukifika amri ya tano tunaanza na swali la filamu ile, kwa kuwa kila mtoto analijua. Wanajibu kwa kelele, huyu anamtaja Richard, yule anasema ni jeshi lenyewe. Kisha tunawauliza ni nani alikuwa karibu. Hapo darasa hunyamaza, na sisi hujibu wa kwanza.