Mtoto wa ngoma ni mtoto wa nani?

Katika vijitabu hivi vyetu wenzetu wanaandikaka juu ya mahari, juu ya majina, juu ya kilio. Sisi tunapenda kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa Lubumbashi wanaona ni dogo: watoto wanaoingia katika makundi ya ngoma, wanafundishwa kucheza, kuimba na kuigiza, na wazazi wao wanabaki kuangalia tu kama watu waliokuja kutembea. Tutaanza na onyesho moja tuliloona kwa macho yetu.

Ilikuwa siku ya Mungu, mchana, katika sale ya parokia moja. Watoto walikuwa karibu makumi matatu, wa miaka 6 mpaka 16. Jina la kundi hatulitaji, juu makundi mengi ya mji iko namna moja, na tena mtoto wetu wa kike mwenyewe anachezaka ndani. Kwa hiyo msomaji ajue: hatukukaa pale kama majaji. Tulikaa kama baba aliyeketi juu ya misumari.

Yaliyo mazuri yasemwe kwanza. Watoto walijua kazi yao. Hakuna aliyesahau mahali pake, wadogo waliwafuata wakubwa kwa macho bila kusukumwa, na kijana mmoja mwembamba, labda miaka 10, alipiga ngoma ndogo kwa mikono miwili mpaka wazee waliokaa nyuma wakasimama. Kazi ya namna hii haifanyike kwa wiki moja. Mtu anayesema watoto wa ngoma ni wavivu, aende kuona repetisio yao siku moja tu.

Lakini kisha dakika kumi wakafungua baffle na muziki wa kaseti ukameza ngoma ya yule kijana. Aliendelea kupiga, tuliona mikono yake, hatukusikia kitu. Hapo ndipo onyesho lilianza kuharibika. Tangu pale kila ngoma ilikwenda kwa mwendo mmoja, mbio mbio, Wabemba na Walunda na Baluba wote sawa, na kiongozi alisimama pembeni akiwaambia watoto: « Mucheke! Mucheke! » Hata ngoma ya kilio ilichezwa kwa meno nje.

Kisha wakaleta mutuashi. Tusieleweke vibaya. Mutuashi ni ngoma ya furaha ya Baluba wa Kasai, na mama zetu wanaicheza ku harusi mbele ya baba mkwe bila haya yoyote. Mji huu ndio ulimzaa Tshala Muana, mwaka 1958, wakati uliitwa bado Élisabethville. Alianza kama mchezaji katika kundi la M'Pongo Love, kiisha akawa mwimbaji na akaipeleka ngoma ile mbali sana, mpaka alipofariki Kinshasa katika Desemba 2022. Hatuwezi kumlilia malkia wa mutuashi, halafu kusema ngoma yake ni ya aibu. Kilichotuuma ni kitu kingine. Msichana wa miaka 12 aliambiwa atoke katika mstari, aende peke yake mbele ya wakubwa waliokaa viti vya kwanza, wapate kumbandika franka ku paji. Alienda. Alisimama pale akicheza, macho chini, mpaka kila mmoja ametoa. Ku harusi mwenye kumtunza mchezaji ni shangazi, ni mjomba, ni watu wenye kumjua jina. Hapa walikuwa wageni. Na franka zile zilianguka katika kikapu cha kiongozi.

Mwisho wakatokeza vinyago. Walikata karito, wakapaka rangi nyekundu na nyeupe, na mtoto wetu akatoka amevaa kile walichoita Pwo. Watu walipiga mikono. Sisi pia tulipiga.

Usiku, ku meza, akauliza: « Baba, Pwo ni nani? » Tulitazamana na mama yake. Mwalimu wa miaka zaidi ya ishirini, mwenye diploma ya chuo cha ualimu, hakuwa na jibu. Tukamwambia ale kwanza.

Kesho yake tulienda kwa mzee mmoja Mchokwe wa upande wa Sandoa, jirani yetu. Alicheka sana, kiisha akaacha kucheka. Pwo, alisema, ni mwanamke, ni mama wa ukoo, lakini mwenye kumvaa ni mwanaume. Mchongaji anatazama kwanza uso wa mwanamke wa kweli mwenye sifa, hachongi kutoka kichwa chake. Na mchezaji anamlipa kwa pete ya shaba, kama mahari, sababu kinyago kile anakioa. Anakitunza kama mke. Akicheza vibaya, si yeye peke yake anayepata aibu, na wanawake wote wanaomtazama wanatukanwa. « Sasa ninyi mulimupa mutoto mwanamuke kikarito bila pete, » akasema. Hatukujua kama anatulaumu ao anatania. Tunafikiri vyote viwili.

Hatuandiki haya ili kusema msichana asivae Pwo. Desturi inasogea, na mji si kijiji. Lakini mtu akibadilisha kitu, ajue anabadilisha nini. Kundi lile halikubadilisha kitu: lilikuwa halijui. Na sisi wazazi hatukujua kwamba halijui, sababu hatukuuliza hata siku moja wanafundishwa nini. Tulikuwa tunauliza saa ngapi anarudi.

Mzee alitueleza tena juu ya mukanda, na hapa ndipo tulipata neno tulilokuwa tunatafuta. Wengi wetu tunajua mukanda kama kambi ya kutahiri vijana kwa Wachokwe, Walunda na majirani wao. Tunasahau kwamba ilikuwa pia masomo ya ngoma: kijana alitoka pale akicheza mbele ya kijiji kizima, na kila mtu aliweza kuona kama alifundishwa vizuri. Zamani iliweza kupita mwaka mzima, leo inaingizwa katika vakansi. Mama haingii ku kambi, lakini chakula kinatoka ku jiko lake, na akiona sahani inarudi imejaa, anajua kuna mambo. Na kila kijana ana chilombola wake. Chilombola si mwalimu wa wote. Ni mlinzi wa mtoto huyu: anamfunga kidonda, analala karibu naye, anamfundisha hatua za ngoma, na akipatwa na neno, ni yeye atajibu mbele ya baba.

Basi tuulize. Katika kundi lile la watoto makumi matatu, nani ni chilombola wa msichana aliyecheza mbele ya viti vya kwanza?

Wazazi wengine watasema: hayo ni mambo ya kijiji, mtoto anacheza tu. Tunajua neno hilo. Kiswahili chetu kimetutega hapo: kucheza mpira, kucheza karata, kucheza ngoma, yote ni kucheza. Kwa Ciluba si vile: kunaya ni mchezo wa mtoto, kuja maja ni ngoma, na hakuna mtu atachanganya. Kwa sababu ya neno moja tunafikiri mtoto anayetoka repetisio hakufanya kazi, na ku nyumba tunampa maji ya kuteka, vyombo vya kuosha, kiisha devoar za shule kwa mwanga wa mshumaa. Asubuhi analala ku kelasi. Sisi walimu tunamwandika: mvivu.

Jambo hili la kuwapa wengine mtoto wa ngoma bila kuuliza halikuanza jana. Mwaka 1958 padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, aliwapeleka Ulaya Troubadours du Roi Baudouin kutoka Kamina: karibu vijana 45 wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15. Misa waliyoimba, Missa Luba, iliimbwa mara ya kwanza Kamina katika Marsi ya mwaka ule. Kyrie yake imetoka katika kasala, Hosanna inafuata mwendo wa ngoma ya Kasai. Dunia nzima iliisikia, na mwaka 1968 Sanctus yake iliingia mpaka katika sinema ya Uingereza, If.... Ni kazi kubwa, tunaisikiliza bado na nywele zinasimama. Lakini jina linaloandikwa ni la padri, na mara moja moja la Joachim Ngoi, mwimbaji wa mbele. Watoto 45 ni « sauti za watoto ». Na katika yote tuliyosoma juu ya misa ile, hatujakuta mahali mama mmoja wa Kamina anasema alifikiri nini siku mtoto wa miaka 9 alipanda kwenda Ulaya.

Halafu ikaja animasio ya MPR. Waliotutangulia wanatuambia namna shule zilifungwa ili watoto wachezee Guide juani saa nyingi. Ndiyo sababu wazee wengi hawapendi kusikia mtoto anacheza ku masomo. Tunawaelewa, lakini mjukuu wao hana kosa lile.

Sasa kosa letu wenyewe. Mtoto wetu alipotuambia mara ya kwanza anataka kuingia katika kundi, tulimjibu kwa neno moja: « danseuse ». Wasomaji wanajua neno hili linabeba nini huku kwetu. Hatukumpiga, lakini tulimpiga kwa neno lile, na alikaa siku tatu bila kusema. Mama yake ndiye aliyempa ruhusa. Sisi tuliona kwamba tukinyamaza tumekuwa wazazi wema. Haikuwa wema, ilikuwa kunawa mikono. Mwaka uliopita kundi liliitwa ku harusi. Alirudi saa nne ya usiku, kwa mguu, umeme umekatika katika avenue nzima, na chupa moja ya Fanta ndani ya sakoshi. Ndiyo mshahara. Mwenye harusi alikuwa mwalimu mwenzetu, akatuambia kiasi alichompa kiongozi. Tulikasirika usiku kucha na asubuhi hatukwenda kumuuliza kiongozi kitu. Tungeuliza kwa haki gani? Hatukuwahi kumwambia hata jina letu.

Kuna pia mwili. Watoto hawa wanaruka juu ya sima, miguu mitupu, saa mbili ao tatu. Mtoto wetu alivimba goti, akalificha karibu mwezi, sababu aliogopa tutasema: tulikuambia. Chilombola angeliona goti lile siku ya kwanza. Na mzazi mwenye kutumia « tulikuambia » kama fimbo, mtoto hatamletea goti lolote, wala neno lingine baya zaidi kuliko goti.

Na masomo? Hapa hatukubaliani na wenzetu wa ngoma wanaosema mwenye kipaji hahitaji diploma. Wanatutajia Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu mwaka 1974, aliyefungua Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, kiisha akarudisha kazi yake Kisangani. Vizuri, lakini wasome habari yake mpaka mwisho: alisomea maandishi na teatri kule Kisangani mbele ya kwenda Nairobi, na ngoma zake zinaongea historia ya inchi hii, sababu anaijua. Institut National des Arts iko Kinshasa, zaidi ya kilometa 1.500 kutoka hapa, na hawaingize mtu bila diploma ya Serikali. Mtoto anayeacha Exetat juu ya safari ya kundi anafunga mlango uleule anaotaka kupita. Kwa upande mwingine, mzazi anayemtoa mtoto katika ngoma mwaka wote wa sita « ili asome » anapata mara nyingi mtoto aliyekaa mbele ya kitabu bila kusoma. Sisi tumepatana na wetu hivi: mpaka Exetat, repetisio mara mbili kwa wiki, hakuna harusi, na goti linaonyeshwa.

Jumamosi iliyopita tulienda ku repetisio pamoja na mzee wa Sandoa. Kiongozi ni kijana wa miaka labda 27, alitupokea kwa wasiwasi, alifikiri tumekuja juu ya franka. Tulikuja pia juu ya franka, tulimwambia wazi, na wazazi wengine wawili walikuwa nasi. Alisema baffle ililipwa kwa pesa za harusi, na yeye mwenyewe hakufundishwa na mtu, alitazama video. Tulimwamini nusu. Ameahidi daftari ya mapato, bado hatujaiona. Mzee, yeye, hakungoja daftari. Aliomba wazime baffle, akamwita yule kijana mwembamba na ngoma yake ndogo, akamwonyesha mtoto wetu namna Pwo anatembea: polepole, kichwa kimesimama, hacheki. Alimrudisha mara sita. Mara ya saba akasema: « Kesho ulete viatu, hii sima ni mubaya. »