"Zima Injini": Kauli Isiyotosha

Katika maelekezo ya ufundi wa magari, kauli "zima injini kwanza" imezoeleka. Kwa gari la kawaida haina ila: kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini kwa mkanda, hivyo injini ikizimwa, nayo husimama. Gari mseto, yaani litumialo injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, limeivunja kanuni hiyo. Katika Toyota Prius ya toleo la pili, lililotoka mwaka 2003, kompresa huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa yenye volti 201.6. Injini hunyamaza, kiyoyozi kikaendelea kuvuma.

Natumfikirie fundi wa Sindeni, wilayani Handeni, aliyeletewa gari hilo kutoka Korogwe kwa malalamiko ya "kelele", neno lisilobainisha mvumo wa feni na mkwaruzo wa kompresa. Akisoma "zima injini", ataikuta imekwisha kuzimika, naye ataona agizo limetimizwa. Kumbe nyaya za rangi ya machungwa zingali na umeme uwezao kuua. Hapo lawama si ya fundi, bali ya mfasiri aliyefuata mazoea.

Twapendekeza iandikwe: "Zima gari, vaa glavu za kukinga umeme, toa plagi ya usalama ya betri kubwa, ngoja muda uliowekwa na mtengenezaji." Kauli hii ni ndefu, lakini tafsiri ya ufundi hupimwa kwa usahihi kabla ya ufupi.