Bahari ya Maziwa: Profesa Asiyeuliza

Katika riwaya ya Jules Verne ya safari chini ya bahari (1869–1870), chombo Nautilus kinafika Ghuba ya Bengal usiku na kukuta maji meupe kama maziwa. Mtumishi Conseil anashangaa. Profesa Aronnax anamjibu kwamba ni vijinyoo vidogo mno vinavyong'aa.

Verne anastahili sifa kwa kuiweka siri hiyo mikononi mwa viumbe hai. Lakini profesa wake anasema nani anang'aa, hasemi anang'aaje. Atakayemtetea atasema kemia hiyo ilikuwa bado, na ni kweli: mwaka 1887 ndipo Raphaël Dubois alipoonyesha kwa kombe aitwaye Pholas kwamba mwanga unahitaji vitu viwili. Lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya lusiferasi. Zao lake hubeba nishati ya ziada, na linapotulia huitoa kama mwanga wenye joto dogo sana. Basi simlaumu Verne kwa kutojua. Namlaumu kwa kumfanya msomi aridhike na jina.

Na jina lenyewe lina mashaka. Mwaka 1995 meli ilipita katika bahari ya namna hiyo karibu na Somalia. Baadaye picha za setilaiti zikaithibitisha, na wanasayansi wakawataja bakteria, si minyoo.

Sisi tunaosoma mbali na bahari tunakariri vivyo hivyo: jina, alama, mtihani umekwisha. Conseil, aliyeshangaa, ndiye mwanafunzi bora katika sura hiyo.