Kichocho kwa Majina Matatu: Uhakiki wa Dhana ya "Msamiati Mgumu" wa Kiingereza

Katika mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania, msamiati hutajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Mlama na Matteru waliandika mwaka 1978 wakitetea Kiswahili katika elimu ya juu. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikiri kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo yao, na bado ikapendekeza Kiingereza hichohicho kiimarishwe. Tangu wakati huo watetezi wa kila upande wamekuwa wakirudia kwamba mwanafunzi hana maneno ya kutosha. Makala hii inahoji kauli hiyo. Ninadai kwamba tatizo la mwanafunzi wa Mwanza si idadi ya maneno, bali ni kudaiwa jina na dhana kwa wakati mmoja. Jambo hili hudhihirika zaidi tukimlinganisha na mjifunzaji ambaye lugha yake ya shule iko mbali na Kiingereza kuliko Kiswahili kilivyo, yaani msemaji wa Kichina.

Ulinganisho huu si wa kubuni. Kuanzia mwaka 2017 wataalamu kutoka mkoa wa Jiangsu, China, walishirikiana na wenzao wa Zanzibar kupambana na kichocho kisiwani Pemba, na matokeo ya kazi hiyo yamechapishwa kwa Kiingereza. Ugonjwa huohuo, wa aina inayoshambulia utumbo, umeenea katika mwambao wa Ziwa Viktoria, na umechunguzwa kwa miaka mingi na Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtoto wa Sengerema au Ukerewe hulijua neno kichocho kabla hajaingia darasani. Mtoto wa Jiangsu huujua ugonjwa huo kwa jina la xuexichong bing, ambalo vipande vyake ni damu, nyonya, mdudu na ugonjwa. Ajuaye kusoma maneno ya kila siku amekwisha kupata nusu ya somo. Kiingereza cha kitaaluma kinawataka wote wawili waseme "schistosomiasis", neno lililojengwa kwa Kigiriki cha kupasuka na cha mwili. Mwanafunzi Mswahili atafutaye ndani yake kipande anachokifahamu ataona kinachofanana na "soma", nacho hakitamfikisha popote.

Kwamba maneno ya namna hii ni kizuizi hata kwa Waingereza wenyewe si habari mpya. David Corson alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu kizuizi cha kileksika: tabaka la juu la msamiati wa Kiingereza limetoka Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo halifunguki kwa ufunguo wa maneno ya nyumbani. Orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno ya kitaaluma, imesheheni maneno ya asili hiyo. Ugumu wake, basi, si kipimo cha uduni wa Kiswahili wala wa anayekizungumza. Lakini watumiaji wa orodha kama hiyo katika mazingira yetu huichukua kana kwamba kila neno ni kibandiko cha kupachikwa juu ya dhana ambayo mwanafunzi anayo tayari. Kwa mwanafunzi wa China dhanio hilo kwa kawaida ni sahihi. Alisoma baiolojia na kemia kwa Kichina mpaka mwisho wa sekondari; anapofika kwenye mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu, ulioanza mwaka 1987, anachohitaji zaidi ni jina. Kazi yake ni ya kuchosha, lakini ni moja.

Mwanafunzi wa Mwanza hupewa kazi mbili, na ya pili huanza kabla ya ile ya kwanza kwisha. Katika shule ya msingi ya serikali amesoma kuhusu usanisinuru. Neno hili limebuniwa kwa mantiki ileile ya guanghe zuoyong ya Kichina, ambayo nayo imejengwa juu ya nuru na kuunganisha. Ni kweli kwamba usanisi si neno la sokoni, na tusiutukuze uwazi wa istilahi kupita kiasi. Hata hivyo nuru kila mtoto anaijua, nayo humwelekeza. Akiingia kidato cha kwanza anakuta "photosynthesis", na pamoja nayo anakuta dhana mpya kumi ambazo hajawahi kuzisikia kwa lugha yoyote. Tukimwona amekariri tahajia bila maana, tunasema hajui Kiingereza. Ni utambuzi wa juujuu mno.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa makini. Istilahi zilizotoholewa, kama vile biolojia, saikolojia na haidrojeni, humpa Mswahili daraja la kuvukia kwenye Kiingereza ambalo Mchina hana, kwa kuwa kwa Kichina biolojia ni shengwuxue, elimu ya viumbe hai. Zaidi ya hayo, msemaji wa lugha ya Kibantu amezoea tangu utotoni kulivua neno viambishi vyake. Mwenye kuelewa "wasiopendana" kwa mara moja hapaswi kutishwa na "irreversibility". Stadi hii haitumiwi ipasavyo katika vitabu vya Kiingereza vya shule zetu, nami naiona kuwa ndiyo hazina kubwa iliyosahauliwa. Lakini utohozi una gharama. Darubini ilikuwa wazi kwa Mwajemi, kwake ni kionacho mbali. Kwetu ni sauti tu, ilhali wangyuanjing ya Kichina bado ni kioo cha kutazama mbali. Daraja la umbo humfaa yule ambaye dhana anayo. Kwa hiyo katika ngazi ya msingi ningeitanguliza istilahi iliyo wazi, na kuuacha utohozi uje baadaye, ubavuni mwake.

Ziwa lenyewe linatupa mfano wa mwendo wa kinyume. Wanabiolojia wa Kiholanzi waliofanya utafiti katika Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977 walilichukua neno furu kwa wavuvi na kulitumia katika maandishi yao. Tijs Goldschmidt analitumia katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Hakuna aliyeona kwamba furu ni msamiati mgumu. Samaki walikuwa wanajulikana, wakichunguzwa hadi meno yao, na kilichobaki kilikuwa jina la silabi mbili. Mwanafunzi wa Igombe, ambaye amewala furu hao, hufundishwa kuwaita "haplochromine cichlids" na hukosolewa tahajia.

Kwa waunda istilahi suala hili ni la leo. Maji ya ghuba hiyo hupokea virutubishi vingi kutoka mashambani na mjini, mwani hustawi, hewa ya oksijeni hupungua chini. Kichina huita hali hiyo fuyingyanghua, kutajirika kwa virutubishi, na Kiingereza huiita "eutrophication". Sijaona istilahi ya Kiswahili iliyokwisha kuzoeleka. "Urutubikaji wa kupindukia" ni refu, lakini mvuvi wa Kirumba anayeyaona maji yakigeuka kijani ataweza kulihoji, hata kulikataa kwa sababu zake. "Yutrofikesheni" hataweza kulikataa wala kulikubali.