Ufundi wa Kuondoa

Ngozi ya ng'ombe ikishatoka kwenye maji ya chokaa na kuoshwa, fundi huchukua kisu kikali akakata kipande chembamba ukingoni, upande wa shingo ambako ngozi ni nene. Juu ya mkato huo mbichi hudondosha tone la fenolftalini, dawa isiyo na rangi. Penye chokaa, mkato hugeuka waridi. Kadiri ngozi inavyozungushwa katika pipa lenye chumvi ya amonia, waridi hufifia kutoka juu na kutoka chini, hadi ubaki mstari mwembamba katikati ya unene. Hapo ndipo mafundi hutofautiana. Mwenye haraka huuona mstari huo akasema yatosha. Anayetaka ngozi laini huirudisha pipani, akangoja, akakata tena mahali pengine, hadi mkato wote ubaki mweupe.

Kipimo hicho kidogo nakiheshimu sana, na Kinanie ndiko kulikonifanya nikitafakari. Katika mbuga hizi za Athi, kaunti ya Machakos, serikali ilitenga ekari 500 ziwe eneo la viwanda vya ngozi. Mahali penyewe pamechaguliwa vyema. Wakamba na Wamaasai wamelisha ng'ombe na mbuzi kwenye nyasi hizi vizazi na vizazi, na machinjio ya Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka 1950, yako karibu, Athi River. Lakini si mbali na hapo kuna Lukenya, kilima cha mawe ambacho chini ya miamba yake wanaakiolojia wamefukua zana za wawindaji wa kale na mabaki ya wafugaji waliokuja baadaye. Ngozi inayozungushwa pipani leo na mfupa uliolala Lukenya kwa miaka elfu kadhaa vimeshikiliwa na kitu kimoja: protini iitwayo kolajeni. Na watu wanaoishughulikia, mmoja akiwa na buti za mpira miguuni na mwingine akiwa na barakoa usoni, wana ufundi unaofanana kuliko wao wenyewe wanavyodhani.

Kolajeni ni minyororo mitatu ya amino asidi iliyosokotwa pamoja kama kamba. Kila mnyororo una viungo vipatavyo 1,000, na kila cha tatu ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kiungo kingine. Umbo hilo lilifumbuliwa Madras, India, mwaka 1954, na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha. Walipiga picha za eksirei za mkano wa mkia wa kangaruu, na mkano huo waliupata katika taasisi ya utafiti wa ngozi iliyokuwa mjini humo. Habari hii inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Swali gumu la fizikia lilijibiwa kwa sababu majirani walikuwa watu wa ngozi, na walijua wapi pa kupata kolajeni iliyonyooka na safi.

Usafi huo haupatikani bure. Ngozi iliyochunwa punde imejaa visivyotakiwa: manyoya, tabaka la juu, mafuta, vipande vya nyama, damu, na protini nyingine zilizojaa kati ya nyuzi. Kazi ya siku za mwanzo yote ni kuondoa. Kwanza huoshwa chumvi iliyohifadhia ngozi isioze. Kisha chokaa na salfaidi ya sodiamu huvunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia keratini, protini ya nywele, na manyoya hulegea yakatoka. Kolajeni haina vifungo vya namna hiyo katika msokoto wake, kwa hiyo huvimba tu na kubaki. Uzuri wa kemia hii uko hapo: dawa inayovunja kimoja na kukiacha kingine kilicho ubavuni mwake. Baadaye kisu hukwangua nyama upande wa ndani, na chokaa iliyokwisha kazi yake nayo hutolewa, ndiyo maana ya lile tone la fenolftalini. Hufuata vimeng'enya vinavyokula mabaki kati ya nyuzi. Hapa kifaa cha kupimia ni kidole gumba. Fundi hubonyeza ngozi, na alama ikibaki bila kurudi, imefika. Akichelewa, vimeng'enya havitajua pa kuishia, na uso wa ngozi utalegea milele.

Ni baada ya kuondoa hayo yote ndipo kitu kinaongezwa. Kwanza asidi pamoja na chumvi huishusha ngozi hadi pH ya 3 hivi, ili kromiamu ipenye mpaka ndani kabla ya kushika. Ikishafika katikati, na hapo mkato hutazamwa tena, safari hii kutafuta buluu, asidi hupunguzwa taratibu. Kromiamu hujifunga kwenye minyororo na kuiunganisha. Ukiiharakisha hatua hiyo, itashika juu tu na ndani kubaki mbichi, na ngozi ya namna hiyo hujificha vizuri hadi siku mvaaji anaponyeshewa.

Kipimo cha mwisho ni maji yanayochemka. Ngozi isiyotengenezwa husinyaa ikipita nyuzi joto 60 na kidogo, kwa maana msokoto hufumuka. Iliyoiva kwa kromiamu hukaa dakika mbili tatu katika maji ya nyuzi 100 bila kubadilika. Ila Kinanie iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95. Mbuga inampunguzia fundi mtihani pasipo kumwambia. Mwenye kujali huchanganya gliseroli na maji, yapande joto zaidi, na hutazama kipimajoto badala ya mapovu.

Maji yote yanayotumika katika kazi hii lazima yaende mahali. Mto Athi hushuka hadi Bahari ya Hindi, ukibadili jina kuwa Galana, kisha Sabaki, kabla ya kumwagika karibu na Malindi. Sioni jinsi ya kusifu ngozi iliyotoka buluu safi kama kromiamu iliyobaki imeachwa mtoni. Kuiondoa majini ni sehemu ya ufundi uleule, na mtu anayeusimamia vizuri mtambo wa maji machafu namhesabu miongoni mwa mafundi wa ngozi.

Maabara ya mifupa hufanya kazi hiyohiyo kutokea upande wa pili. Kwa uzani, thuluthi mbili hivi za mfupa ni madini, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni kolajeni. Anayetaka kolajeni huuweka mfupa katika asidi hafifu, kwenye baridi, akaubadilishia asidi na kuusubiri, siku baada ya siku. Asidi kali ingemaliza mapema na kuharibu kila kitu. Polepole madini hutoka, na mfupa hubaki na umbo lake ukiwa laini, ukipitisha mwanga, unaweza kuukunja kwa kibano. Kisha huyeyushwa katika maji ya moto, huchujwa, hukaushwa kwa baridi. Kinachopatikana ni ukungu mweupe mwepesi chini ya kichupa. Napo kuna mkato wake wa kutafuta waridi: mwaka 1985 Michael DeNiro alionyesha kwamba kolajeni iliyo salama huwa na uwiano wa kaboni kwa nitrojeni kati ya 2.9 na 3.6. Nje ya hapo, uchafu wa udongo umeingia au protini imeoza, na jibu lolote litakalotoka, liwe umri wa mfupa au chakula alichokula mwenyewe, halifai kusemwa. Katika nchi zetu za joto hilo hutokea mara nyingi mno. Mfupa huoza ndani huku nje ukionekana mzima. Mtafiti aliyefanya kazi kwa majuma na kuishia kuandika kwamba sampuli haina kolajeni amefanya kazi kamili.

Inapofaulu, inaona yasiyoonwa na macho. Mifupa ya mbuzi na kondoo ikivunjika vipande vidogo, hata mtaalamu mzoefu hushindwa kuitofautisha. Kolajeni zao zinatofautiana kwa amino asidi chache, na tofauti hizo hubadili uzito wa vipande vinavyopatikana protini ikikatwa kwa kimeng'enya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitumia njia hiyo kwenye mifupa ya visiwa vya Zanzibar, Mafia na Komoro, kutoka maeneo manane ya kati ya mwaka 300 na 1000 hivi. Kabla yake, jamii ya mbuzi na kondoo ilikuwa imetambuliwa katika maeneo manne tu. Kolajeni iliwaonyesha mbuzi katika saba na kondoo katika matatu, na kwamba mbuzi walifika visiwani angalau karne ya 7, kondoo wakafuata karne moja au mbili baadaye. Mbuzi hula majani ya vichaka, kondoo hutaka nyasi. Huenda wenyeji wa visiwa wa wakati ule walilijua hilo vizuri.

Wanaotafuta DNA wana sharti gumu zaidi, maana uchafu mkubwa wanaouogopa ni wao wenyewe. Pumzi moja, unywele mmoja, na jeni za mtafiti huzifunika za marehemu. Kwa hiyo chumba husafishwa kwa dawa ya kuua uchafu na mwanga wa urujuanimno, na mwili wote hufunikwa. Hutafuta mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, kwa kuwa huhifadhi DNA kuliko mingine. Na hutumia uharibifu wenyewe kuwa ushahidi: kwa miaka mingi herufi C kwenye ncha za vipande vya DNA huharibika zikasomwa T, na sampuli isiyo na alama hiyo hutiliwa shaka kuwa ni ya mtu wa juzi.

Hivyo ndivyo mwaka 2019 kundi la Mary Prendergast, pamoja na watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, lilivyosoma jeni za watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, Lukenya ikiwa mojawapo ya mahali mifupa ilikotoka. Jibu lilikuwa kwamba ufugaji haukuja kwa kuigana tu. Watu walitembea na mifugo yao kutoka kaskazini-mashariki, wakachanganyika na wawindaji waliowakuta. Wanaakiolojia walikuwa wakijiuliza pia kama waliofinyanga vyungu vya mitindo tofauti walikuwa makabila tofauti. Jeni hazikuonyesha tofauti hiyo. Na walipotafuta badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa, walilikuta kwa mtu mmoja tu, wa pango la Gishimangeda, Tanzania.

Kwa nini watembee? Sehemu ya jibu iko kwenye tope. Miaka 5,000 hivi iliyopita mvua nyingi zilizokuwa zimeijaza Afrika zilikuwa zikiisha, na Ziwa Turkana likarudi nyuma. Wafugaji wa kwanza walijenga makaburi yenye nguzo za mawe huko. Katika eneo la Lothagam, timu ya Elisabeth Hildebrand ilikadiria mwaka 2018 kuwa wamezikwa watu wasiopungua 580. Kuhusu mvua zenyewe, Ziwa Challa, mpakani mwa Taita-Taveta na Tanzania, limetunza kumbukumbu nzuri ajabu. Msimu wa upepo na ukavu huacha chini utando mweupe wa vijimea vyenye magamba ya silika, na msimu wa mvua huacha mweusi. Christian Wolff na wenzake walizisoma tando hizo hadi miaka 25,000 nyuma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Mwaka 2016 wachimbaji walishuka zaidi ya mita 200 chini ya sakafu ya ziwa hilo.

Lakini mrija wa tope lililotolewa ziwani ukipasuliwa kwa urefu, waya au msumeno hupaka tope la juu juu ya lile la chini, na mistari yote hupotea. Mtu huchukua kioo chembamba akakwangua uso wa tope, akivuta upande kwa upande, akifuata tabaka. Akivuta kutoka juu kwenda chini atauchanganya mwaka mmoja na mwingine. Baada ya kila mkwaruzo hufuta kioo. Huyo na fundi wa pipa wangeelewana bila mkalimani.

Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, hufundisha shahada ya teknolojia ya ngozi. Mwanafunzi wake anayejua kwa vidole vyake wakati kolajeni imesafika, na wakati ikiguswa zaidi itaharibika, ana ujuzi ambao maabara nyingi za mifupa hulazimika kuufundisha upya. Ningependa kumwona akiandikiwa barua na makavazi yetu. Zimo humo ngoma, ngao na vibuyu vilivyoshonewa ngozi, na mara nyingi hatujui ni ngozi ya mnyama gani. Mwaka 2015 Sarah Fiddyment na wenzake walionyesha, kwa maandiko ya kale ya ngozi huko Ulaya, kwamba kisu hakihitajiki kabisa. Unasugua uso wa ngozi kidogo kwa kifutio cha kawaida, unakusanya vumbi la kifutio, na humo mna kolajeni ya kutosha kumtaja mnyama.